Nyumba ya Mama Buruburu: bei ni swali, si jibu

Nimekuwa kimya hapa kwa muda mrefu, na wachache wenu mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kublogu. Sijaacha. Tulikuwa tunauza nyumba ya nyumbani, na kwa kuwa mimi ndiye "mtu wa kompyuta" katika familia, nilipewa kazi ya kutafuta bei.

Nilikuwa nimewaahidi makala kuhusu hifadhidata. Leo nitazungumzia hifadhidata, ila ile ambayo haipo: orodha ya bei halisi ambazo nyumba za Eastlands zimeuzwa. Kukosekana kwake kulimgharimu mama yangu miezi kumi na mitatu na shilingi laki saba. Nitawaonyesha hesabu. Msimamo wangu nausema mapema ili msinitafute mwishoni: familia nyingi zinapanga bei ya nyumba kwa hisia, na serikali inakalia takwimu ambazo zingeziokoa.

Haya, tuanze.

Nyumba yenyewe ni maisoneti ya vyumba vitatu Buruburu. Kwa wasioijua, Buruburu ilijengwa kwa awamu tano kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa ushirikiano wa Baraza la Jiji la Nairobi na shirika la maendeleo la Uingereza, CDC. Ni nyumba zaidi ya 4,000, zilizolengwa wafanyakazi wa kipato cha kati: walimu, makarani, wauguzi, watu wa reli na posta. Nyumba zimepangwa kwa makundi, kila kundi na uwanja wake katikati, na wenyeji hulisema kila kundi "koti". Siku hizi karibu kila koti ina geti na bawabu.

Baba na Mama walinunua yetu mwaka 1994, si kutoka kwa mjenzi bali kwa mwenye nyumba wa kwanza, kwa shilingi milioni 1.1. Iliandikwa kwa majina yao wote wawili. Mimi nilizaliwa baadaye, nikajifunza kuendesha baiskeli kwenye uwanja wa koti na kutumia kompyuta kwenye saiberi moja karibu na Mumias South Road, ambako dakika moja ilikuwa shilingi moja. Baba alifariki 2016. Mama akabaki humo na dada yangu, ambaye baadaye aliolewa akahamia Umoja.

Tatizo ni ngazi. Maisoneti ina vyumba vya kulala juu na jiko chini, na magoti ya Mama yamechoka. Mwishoni mwa 2023 alituita sote, kaka yangu mkubwa akiwa kwenye simu kutoka Doha, akasema: "Wanangu, nyumba hii imenilelea watoto, lakini sasa inanipanda mimi badala ya mimi kuipanda. Uzeni. Nijengee kanyumba kasikokuwa na ngazi kwenye shamba langu Kangundo, na zitakazobaki nitibiwe magoti."

Hakuna aliyebisha. Tulibishana kuhusu bei.

Kaka alisema milioni 18, kwa sababu aliona tangazo la nyumba ya Buruburu kwenye mtandao kwa bei hiyo. Dada alikataa kutaja bei yoyote, akisema mtu hawezi kutia bei mahali alipolala Baba siku yake ya mwisho. Jirani alisema 15. Dalali aliyeletwa na jirani alipita kila chumba, akagonga kuta kama daktari anayepima kifua, akasema: "Hii, kwa 16 na nusu, nitakuwa na mteja kabla ya mwezi kuisha." Mimi nikasema nipeni wiki chache niandike programu. Wakanicheka.

Hawakunisubiri. Januari 2024 nyumba ikatangazwa kwa milioni 16.5.

Sasa sikilizeni hili kwa makini. Wiki ya tatu akaja mume na mke, wote walimu, wakiwa na mkopo wa Sacco na akiba yao. Wakaipenda. Wakatoa milioni 12.8. Kwenye kikundi chetu cha WhatsApp, kaka akaandika: "Hao wanataka kututania." Mimi nikakaa kimya. Nilikuwa na takwimu nusunusu na sikutaka kuonekana namzuia Mama kupata zaidi. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Sisi tukaacha mbacha, na msala wenyewe haukupita.

Wakati huo huo programu yangu ilikuwa imeanza kufanya kazi. Ni programu ndogo tu ya Python iliyokuwa ikipita kwenye tovuti za matangazo ya nyumba kila usiku na kuandika kwenye jedwali: mtaa, vyumba, bei, tarehe. Baada ya miezi miwili nilikuwa na matangazo 63 ya maisoneti za vyumba vitatu "Buruburu". Nikafurahi. Halafu nikaanza kuyasafisha, na furaha ikaisha.

Kwanza, 24 yalikuwa marudio. Nyumba moja ilikuwa imewekwa na madalali watano tofauti, kwa bei tano tofauti, ya chini na ya juu zikipishana milioni mbili! Nilizitambua kwa picha: kochi lile lile la kijani, kalenda ile ile ukutani. Yakabaki 39. Pili, 11 hayakuwa Buruburu. Yalikuwa Donholm, Umoja au Komarock, lakini dalali anajua jina gani linauza. Yakabaki 28. Tatu, saba yalikuwa na umri wa zaidi ya mwaka, hakuna aliyeyaondoa. Yakabaki 21.

Nikayapanga hayo 21 kutoka bei ndogo hadi kubwa. Ile ya katikati kabisa ilikuwa milioni 14.5. Kaka akasema, "Unaona? Tuko karibu."

Hapana. Hapo ndipo kosa lenyewe lilipo, na ndilo lililonifanya niandike makala haya. Hizo 21 zilikuwa bei walizoomba wenye nyumba ambazo BADO hazijauzwa. Nyumba iliyouzwa tangazo lake huondolewa, na bei yake halisi huondoka nayo kwenda kwenye faili la wakili. Ukiangalia matangazo unaangalia waliobaki kituoni, halafu unahitimisha kwamba matatu hazipiti. Waliopanda hawapo tena kuhesabiwa.

Nilipiga simu. Nikauliza majirani, nikauliza wakili wa familia, nikamuuliza mzee mmoja wa kamati ya koti ambaye anajua nani ameingia na nani ametoka. Baada ya wiki tatu za kuulizia nilipata bei tatu tu za mauzo halisi ya miaka miwili iliyopita: 11.5, 12.2 na 13. Hiyo ya 13 ilikuwa nyumba ya pembeni yenye nafasi ya magari matatu. Takwimu tatu hazitoshi hata mradi wa shule. Lakini tatu za kweli zilikuwa na thamani kuliko 63 za ndoto, na zote zilisema kitu kimoja: wale walimu hawakuwa wakitutania.

Nilipowaonyesha, ilikuwa Aprili. Walimu walikwisha nunua kwingine.

Mwaka ule nao haukuwa rafiki wa muuzaji. Benki Kuu ya Kenya ilikuwa imepandisha kiwango chake cha riba hadi asilimia 12.5 Desemba 2023, ikakipandisha tena hadi 13 Februari 2024. Mikopo ikawa ghali. Juni yakaja maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, na kwa wiki kadhaa hakuna aliyekuwa na moyo wa kutazama nyumba. Benki Kuu ilianza kushusha riba Agosti. Sisi tulishusha bei Julai hadi 14.9, Oktoba hadi 13.5. Kila aliyekuja aliuliza swali moja: "Mbona imekaa sana sokoni? Ina shida gani?" Haikuwa na shida yoyote. Shida ilikuwa bei ya Januari, ambayo iliendelea kutuandama hata baada ya kuishusha.

Kuna methali kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi naongeza kwamba hata kizuri, ukikitia bei isiyo yake, kitajitembeza hadi kionekane kibaya.

Februari 2025 tukauza kwa milioni 12.1. Toa kwenye 12.8 na utapata ile laki saba. Ongeza miezi kumi na mitatu ya Mama kupanda ngazi kwa kushika ukuta. Hiyo ya pili siwezi kuiweka kwenye jedwali.

Sasa, nisiwachoshe na huzuni. Nimejifunza mambo, na nayaandika hapa kwa sababu najua wengi wenu mna wazazi Buruburu, Umoja, Donholm au Komarock ambao watafikia uamuzi huu. Wazee walionunua nyumba za miaka ya 1970 na 1980 sasa ndio umri wao.

1. Bei aliyonunua Baba haihusiki. Wala gharama ya vigae, wala ile nyongeza ya chumba cha mbele aliyojenga 2005. Mnunuzi hanunui jasho lako. Wachumi wawili, Genesove na Mayer, walichapisha mwaka 2001 utafiti kuhusu nyumba za Boston za miaka ya 1990. Waligundua kwamba wenye nyumba waliokuwa wanakabiliwa na hasara ukilinganisha na bei waliyonunua waliomba bei ya juu zaidi na kukaa sokoni muda mrefu zaidi. Kwetu haikuwa hasara ya pesa, maana milioni 1.1 imezaa 12.1. Lakini kaka alikuwa amekwisha "pata" milioni 18 kichwani mwake, na kila bei ya chini ya hapo aliiona kama kuibiwa. Binadamu ni yule yule, Boston au Buruburu.

2. Usimwambie mthamini bei yako. Mwaka 1987 watafiti Northcraft na Neale waliwapeleka mawakala wa nyumba katika mji wa Tucson, Marekani, wakague nyumba ile ile, ila wakawapa karatasi zenye bei tofauti za kuombwa. Waliopewa bei ya juu waliithamini nyumba juu, waliopewa ya chini wakaithamini chini, na wengi wakakana kwamba ile bei iliwaathiri. Hao ni wataalamu! Kwa hiyo mtafute mthamini aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili ya Wathamini, mlipe ada yake, mfungulie mlango, kisha nyamaza. Na ripoti ikija isome vizuri, kwa sababu mara nyingi ina bei zaidi ya moja: thamani ya sokoni, na thamani ya kuuza kwa kulazimishwa ambayo benki huitazama. Usizichanganye.

Vivyo hivyo kwa dalali. Dalali anayekuahidi bei kubwa kuliko wenzake huenda hajui soko kuliko wenzake. Huenda anataka tu kupewa kazi. Muulize: umeuza ngapi mtaa huu, kwa bei gani, na je, umesajiliwa? Sheria ya Kenya inataka wakala wa nyumba awe amesajiliwa na bodi yake. Wa kwetu hatukumuuliza.

3. Hesabu mfuko wa mnunuzi, si wako tu. Anayenunua nyumba mjini hulipa ushuru wa stempu wa asilimia 4. Kwa nyumba ya milioni 12.5 hiyo ni 500,000, na bado hajamlipa wakili. Kwa kawaida hutakiwa kutoa asilimia 10 siku ya kutia sahihi mkataba, na iliyobaki ndani ya siku 90. Mikopo ya nyumba ya benki nchini Kenya nzima, kwa ripoti za Benki Kuu za miaka ya karibuni, ni takriban 30,000 tu. Nchi nzima! Maana yake wanunuzi wengi wa Eastlands wanakuja na akiba, Sacco, au pesa za ndugu walio nje. Watu hao wana kikomo. Hata yule mwenye mkopo wa benki, benki yake itatuma mthamini wake, na ikiwa atasema 12, hiyo 16 yako ni juu yako na mnunuzi wako.

4. Fikiria kama kichujio. Hili ni la watu wetu wa kompyuta. Tovuti za nyumba zina kisanduku cha "bei isizidi". Watu huandika namba nzima: 10, 12, 15. Ukiweka 15.2 hujaongeza laki mbili, umejifuta mbele ya kila aliyeandika 15. Ukiweka 12.5 umejificha kwa wa 12. Chagua uko upande gani wa ukuta, na uchague ukijua.

5. Soma hati kabla mnunuzi hajaisoma. Hati yetu ni ya ukodishaji wa miaka 99 kutoka serikalini, iliyoanza miaka ya 1970. Fanya hesabu: imebaki miaka arobaini na kitu. Si mwisho wa dunia, lakini wakili wa mnunuzi ataiona siku ya kwanza, na benki hutaka miaka ya hati izidi ya mkopo kwa mbali. Lipa pia kodi ya ardhi ya kaunti na ile ya serikali kuu mapema, upate vyeti vyake. Deni dogo ulilolisahau humpa mnunuzi sababu ya kuomba apunguziwe mara kumi ya deni lenyewe.

6. Usihame kabla ya kuuliza kuhusu kodi. Kodi ya faida ya mtaji ilirudishwa Kenya Januari 2015 kwa asilimia 5, na tangu 1 Januari 2023 ni asilimia 15. Makazi yako mwenyewe yanasamehewa ikiwa umeishi humo mfululizo kwa miaka mitatu kabla ya kuuza. Mwezi wa tisa wa kungoja, tulikuwa karibu kumhamishia Mama kwa dada na kupangisha nyumba "ili isikae bure". Wakili akatuzuia. Piga hesabu mwenyewe asilimia 15 ya faida iliyokua tangu 1994. Bei mbaya hukusukuma kwenye maamuzi mabaya mengine.

Naam. Baadhi yenu mtasema: si utengeneze programu nzuri zaidi? Akili unde itatuambia bei! Nami nilidhani hivyo. Kumbukeni Zillow ya Marekani. Ilikuwa na makadirio ya bei za mamilioni ya nyumba tangu 2006, wahandisi wa kila aina, na takwimu ambazo mimi naziota tu. Ikaanza kununua nyumba yenyewe kwa kutegemea makadirio hayo. Novemba 2021 ikatangaza kuifunga biashara hiyo, hasara ikiwa mamia ya mamilioni ya dola, na robo ya wafanyakazi wakapoteza kazi. Kama wao walikwama, mimi na mistari yangu 21 ni nani?

Kwa hiyo sidhani tunakosa programu. Tunakosa takwimu. Na takwimu zipo!

Kila nyumba inayouzwa kihalali Nairobi hupita serikalini. Ushuru wa stempu haulipwi hadi thamani ijulikane, na mthamini wa serikali huiangalia. Maana yake kuna ofisi ambayo kila mwezi inajua ni maisoneti ngapi zimeuzwa Buruburu na kwa bei gani iliyoandikwa. Mfumo wa Ardhisasa ulizinduliwa Aprili 2021, na kazi hiyo inazidi kuhamia kwenye kompyuta. Kutoa safu nne tu za jedwali hilo, yaani mtaa, aina ya nyumba, mwezi na bei, bila jina la mtu wala namba ya hati, ni kazi ya alasiri moja. Nasema hivyo kama mtu ambaye hiyo ndiyo kazi yake.

Uingereza wanafanya zaidi ya hapo. Msajili wao wa ardhi huchapisha bei iliyolipwa ya nyumba za England na Wales, moja moja pamoja na anwani, na rekodi zinarudi nyuma hadi 1995. Mtu yeyote anaweza kuzipakua. Sisi hatuhitaji anwani. Mtaa unatosha.

Najua pingamizi, na sitazikwepa. La kwanza: watu huandika bei ya uongo ili wapunguze ushuru. Ni kweli wapo. Lakini uongo huo hustawi gizani. Siku bei za mtaa mzima zitakapokuwa wazi, anayeandika milioni 6 katikati ya majirani wa 12 ataonekana hata na mtoto wa darasa la sita. La pili: usalama. Muuzaji akijulikana ana milioni 12 atavamiwa. Ndiyo maana nasema bila jina, na kwa kuchelewesha miezi mitatu au minne. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ya kutuongoza, na tuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016 ya kutupa haki ya kuuliza. La tatu: mabenki tayari yana kielezo cha bei za nyumba, kilichozinduliwa 2015 na chama chao. Ni kazi nzuri. Ila kinatoka kwenye nyumba za mikopo ya benki, na tumeona mikopo hiyo ni michache. Mwalimu wa Sacco hayumo humo.

Kenya ilizindua tovuti ya takwimu huria Julai 2011, miongoni mwa nchi za kwanza Afrika. Nilikuwa kijana mdogo, nikaipekua usiku kucha kwenye saiberi. Ilinifanya niamini kwamba takwimu za umma ni za umma. Bado naamini.

Kuna atakayeniambia kwamba bila usiri, muuzaji mjanja hawezi kupata bei nzuri. Nimjibu hivi: usiri haumsaidii Mama. Unamsaidia anayeuza na kununua kila siku, kwa sababu yeye bei halisi anazijua. Dalali wetu alizijua. Mama anauza nyumba mara moja maishani. Yeye ndiye pekee mezani asiye na daftari, na wahenga walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Mpaka daftari hilo lifunguliwe, fanyeni mliloweza. Tafuteni bei tatu za kweli kabla ya kuangalia tangazo moja. Ulizeni kamati ya koti, wakili, mchungaji, imamu, yeyote anayejua nani kahama. Wekeni bei karibu na hizo, na ongezeko dogo la kujadiliana, si la kuota. Anayekuja wiki ya tatu msimfukuze kwa sababu amekuja mapema. Aliyekuwa anasubiri nyumba kama yako ndiye hufika kwanza, maana alikuwa anaangalia kila siku. Kikubwa zaidi, kubalianeni mapema, wakati vichwa vimetulia: bei ya chini tutakayoikubali ni ipi, na pesa ni za nini?

Hilo la mwisho ndilo tulilolisahau. Mama alilisema siku ya kwanza: nyumba isiyo na ngazi, na magoti. Milioni 12.8 ilitosha vyote. Hakuna mmoja wetu aliyefanya hesabu hiyo, hata mimi mwenye shahada ya sayansi ya kompyuta. Tulikuwa tunatafuta bei ya nyumba wakati yeye alishatuambia bei ya mahitaji yake.

Kanyumba ka Kangundo kameisha. Vyumba viwili, baraza, hakuna hata kidato kimoja. Goti la kwanza limefanyiwa upasuaji. La pili linangoja, kwa sababu laki saba hazikuwepo. Nilipomwomba msamaha kwa ukimya wangu wa ile Januari, alicheka, akasema, "Mwanangu, wewe na kompyuta yako mlijua. Siku nyingine ukijua, sema."

Basi nimesema.

Kama una bei halisi ya nyumba iliyouzwa Eastlands, bila jina la mtu, niandikie. Nimeanza jedwali. Kwa sasa lina mistari minne.